Kuku wa Shukrani na Vali Iliyonyamaza

Wiki iliyopita mliniandikia, nyinyi wauguzi wapya, kwa lile kundi lenu la simu lililojaa maua na maombi ya asubuhi. Mliuliza hivi: "Mum, kati ya streptokinase na alteplase, ni gani mzuri kwa kuyeyusha damu imeganda kwa vali ya chuma?" Halafu mmoja wenu, na ninamjua, akaongeza, "Jibu fupi, plizi."

Jibu fupi sina. Nimestaafu, nina muda wa kutosha, na nina ng'ombe mmoja hapa nyumbani Kitale ambaye hanisikilizi hata nikimwita kwa jina. Nyinyi mtanisikiliza. Kuniuliza dawa gani ni nzuri ni sawa na kuniuliza kama jembe ni bora kuliko panga. Nitawajibu vipi kabla sijaona shamba?

Wengine wenu mmetoka wodi ya watoto juzi tu, kwa hivyo tuanze na vali yenyewe. Kuna watu ambao ule mlango mdogo wa kupitisha damu ndani ya moyo uliharibika. Mara nyingi mambo yalianza utotoni kwa koo kuuma, watu wa nyumbani wakasema ni homa itapita, kumbe ugonjwa umeshuka mpaka moyoni. Daktari wa upasuaji anautoa huo mlango mbovu na kuweka wa chuma. Wa chuma una vipande viwili vinavyofunguka na kufunga, na kila vikifunga vinagonga: ti, ti, ti. Ukikaa na mwenye nao kwenye chumba kitulivu unasikia bila kifaa chochote.

Ubaya wake ni kwamba damu haipendi chuma. Ikikigusa inataka kuganda. Ndiyo maana mwenye vali hiyo humeza warfarini kila siku ya maisha yake na kupimwa damu mara kwa mara. Vipimo vikilegea, donge la damu linakwama kwenye vile vipande, mlango haufunguki vizuri, mapafu yanajaa maji, na mtu anaanza kuzama akiwa nchi kavu. Hapo ndipo tunazitafuta hizo dawa zenu mbili.

Mimi nilifunzwa mambo haya na Sista Wambui. Watu wake walitoka Nyeri wakaja Trans-Nzoia kufuata mashamba, yeye akapenda wodi kuliko mahindi. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilifika kabla yake. Siku yangu ya kwanza kuchanganya streptokinase nilikuwa na yale maringo ya kutoka chuo. Dawa ile huja kama unga ndani ya kichupa, unaweka maji yake, unachanganya. Sasa mimi ni mtoto wa Chwele, nimekua nikitikisa kibuyu cha maziwa tangu mikono yangu iweze kukishika. Nikakamata kichupa nikakitikisa kwa nguvu zangu zote. Kikajaa povu mpaka juu.

Sista Wambui akasimama nyuma yangu. "Nafula," akasema, "hiyo ni dawa ama ni maziwa lala?"

Alinikalisha kwenye kiti nikakitazama kile kichupa mpaka povu likashuka, na mgonjwa akinitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye akanionyesha: unakiinamisha, unakiviringisha taratibu kati ya viganja kama mtu anayepasha mikono joto, basi. Ukitikisa unaiharibu dawa kabla haijamwona mgonjwa. Mpaka leo nikiona mtu anatikisa chupa, hata ya tomato sosi, mkono wangu unataka kumshika.

Huyo huyo Wambui ndiye aliyenifunza kalamu nyekundu. Streptokinase, mjue, hutolewa kwa vijidudu ambao ni ndugu wa wale wa koo, wale wale wanaoharibu mioyo. Nilipoambiwa hivyo nilicheka sana, kwamba mwizi wa boma ana ndugu yake fundi wa kufuli. Dawa inafanya kazi vizuri, lakini mwili unaikumbuka. Mtu akipewa mara moja, mwili wake huweka askari wanaoingoja kwa miaka. Ukimpa tena, ama dawa inauawa kabla ya kufika, ama mgonjwa anavimba, presha inashuka, pumzi inakatika. Kwa hivyo sheria ya Wambui ilikuwa kwamba mtu akipata streptokinase, unaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake mwenyewe. Faili ni ya hospitali, alisema, na hospitali husahau. Mimi niliona ni kazi ya kuongezea watu uchovu. Niliandika kwa sababu nilimwogopa.

Alteplase nayo imetengenezwa kufanana na kitu ambacho mwili wenyewe hutumia kuyeyusha damu. Mwili hauioni kama mgeni, kwa hivyo unaweza kumpa mtu leo na ukampa tena akihitaji. Lakini ni ya bei, haikai kwenye kila kabati, na ina mkono mzito: ukiiachilia kwa kasi inaweza kumfanya mtu avuje damu pale usipopaona, hata kichwani. Mmeona? Bado hatujajibu swali lenu. Twendeni Ndalu.

Ndalu kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, Nasimiyu, mwenye vali ya chuma. Mwembamba, mcheshi, na mkali wa makosa. Mara ya kwanza vali yake ilipoziba nilikuwa zamu. Tulimpa streptokinase, ndiyo tuliyokuwa nayo, na hakuwa amewahi kuipata. Alitetemeka, akajikuna, presha ikacheza cheza, lakini kesho yake asubuhi vali ilikuwa inagonga tena vizuri. Nikatoa kadi yake nikaandika kwa nyekundu: AMEPEWA STREPTOKINASE. Akaichukua, akaiangalia, akaniambia hiyo K yangu inalala, niisimamishe. Mtu alikuwa karibu kufa jana yake, leo anasahihisha mwandiko wa muuguzi. Nilimpenda papo hapo.

Kabla hajaenda nyumbani nilimfunza yote. Meza dawa saa ile ile, nenda upimwe, ukisikia mlio umebadilika au umepotea, kuja mbio. Akarudia maneno yangu yote bila kosa. Nikajipongeza. Na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilimfunza mgonjwa, sikuifunza nyumba.

Nyumba yao ilikuwa na Kukhu Naliaka, yaani nyanya Naliaka kwa Kibukusu, mama ya mume wake. Mume alikuwa akifanya kazi ya ujenzi mbali, anakuja mwisho wa mwezi, kwa hivyo ni hao wawili na watoto. Kukhu alimpenda Nasimiyu kama binti wa tumbo lake. Lakini ule mlio ulimkosesha amani. Wakila, ti ti ti. Wakiomba, ti ti ti. Alikuwa akiniambia akija kliniki, "Nafula, huyu mtoto ako na saa kwa kifua. Saa ni ya kuhesabu. Sasa inahesabu nini?" Nilicheka nikamwambia ni chuma tu, Kukhu, usijali. Sikumwambia zaidi. Akaenda zake, na kila Jumapili akawa anamwomba Mungu aitulize hiyo saa.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Kukhu akanipigia simu, sauti imejaa furaha. "Njoo Jumamosi. Mungu amefanya. Tunachinja." Nikajua ni shukrani kama zingine, pengine mtoto amepita mtihani. Nikavaa kitenge changu kipya, nikabeba sukari na mkate, nikafika saa nne asubuhi, maana muuguzi akiambiwa saa sita anafika saa nne. Hema la kanisa lilikuwa limesimama, kina mama wanaimba, harufu ya kuku inakuita kutoka barabarani. Kukhu akanishika mikono miwili.

"Saa imenyamaza," akasema. "Wiki mzima sasa. Mwili imekubali ile chuma. Chuma imekuwa nyama."

Wanangu, nimeona mengi kwa hii kazi, lakini sijawahi kusikia habari mbaya ikitangazwa kwa furaha namna ile.

Nasimiyu alikuwa amekalishwa mbele kwenye kiti cha wageni, mito mitatu mgongoni. Alitabasamu akanisalimia kwa maneno mawili mawili, akipumzika katikati. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba. Nikamkumbatia nikaweka sikio langu kwenye kifua chake. Kina mama wakadhani nimezidiwa na furaha, wakapiga vigelegele. Niliinua mkono kuwanyamazisha nikasikiliza tena. Hakuna mlio. Ni pumzi tu, yenye maji maji kama uji unaoanza kuchemka.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakuja. Akaniambia alidhani sikio lake limeuzoea mlio, na kuchoka alidhani ni shule. Halafu Kukhu alipogundua saa imenyamaza, alifurahi hivi kwamba yeye hakuwa na moyo wa kuleta mashaka. Watu walikuwa wameshaalikwa.

Sasa niambieni, ungefanya nini? Mchungaji ameshafungua Biblia, kuku wameiva, na mama mzee amesimama hapo na uso umeng'aa kama wa bibi arusi. Nilitaka sana kulainisha maneno, lakini wakati wa kulainisha haukuwepo.

"Kukhu," nikasema, na watu wote wakasikia, "hii si kupona. Huo mlio ndio ulikuwa uzima wake. Tukikaa hapa tule, tutamzika."

Kukhu alinitazama kama nimempiga kofi. "Kwani mimi nimeombea mtoto wangu kifo?"

"Umeombea uzima," nikamwambia. "Ni mimi sikukuambia unasikika namna gani."

Basi yule mama, ambaye ningetarajia alie ama anifukuze, aligeuka akaanza kutoa amri. Pikapu iliyoleta viti ikaletwa karibu, viti vilivyobaki vikatupwa chini. Mchungaji akaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia kwake, akashika mguu mmoja wa kiti tukamwinua Nasimiyu na kiti chake na mito yake mpaka ndani. Nikapanda nyuma naye ili akae wima. Kukhu akapanda mbele na Biblia yake kwapani, na sufuria ya kuku kwenye mapaja. Sikuuliza sufuria ni ya nini. Nadhani hata yeye hakujua. Mikono yake ilikuwa inataka kubeba kitu.

Hospitalini Kitale, pale nilipofanya kazi, tulimkuta Daktari Barasa, kijana, mwepesi, mtu wa kusikiliza. Alimweka oksijeni na dawa ya kupunguza maji, akaweka mashine ya picha kifuani. Tukaona wote kwenye kioo: kipande kimoja cha vali kinacheza, cha pili kimekwama tuli na kitu kimekishikilia. Damu ikapimwa, ikaonekana inaganda upesi kuliko inavyofaa. Daktari akampigia simu daktari wa moyo kule Eldoret. Huyo akasema kumpasua mtu aliyechoka namna hii ni hatari kubwa, barabara nayo itamchosha zaidi, na donge lenyewe linaonekana dogo. Myeyusheni hapo hapo.

Daktari Barasa akafungua kabati. "Streptokinase tuko nayo," akasema. "Dakika kumi tunaanza."

Mimi wakati huo nilikuwa bafuni navaa gauni la wodi juu ya kitenge. Niliporudi kichupa kilikuwa tayari mezani, na daktari anauliza lile swali ambalo ni lazima kila daktari aulize: aliwahi kupata hii dawa? Faili la zamani halikuonekana, kompyuta mpya haikulijua. Nasimiyu hakuwa na pumzi ya kujibu. Nikafungua mdomo kusema, lakini Kukhu alinitangulia. Alifungua Biblia, na katikati ya Zaburi palikuwa na kadi ya kliniki ndani ya karatasi ya nailoni. Nyekundu yangu. Na ile K iliyolala.

Daktari akaisoma, akakirudisha kichupa kabatini, akafunga mlango wa kabati polepole sana. Nilimkumbuka Sista Wambui nikataka kupiga magoti. Niliandika maneno yale kwa kumwogopa, na sasa yalikuwa yamesimama kati ya Nasimiyu na kifo.

Lakini kukataa dawa mbaya hakukuletei nzuri. Alteplase ilibidi itoke Eldoret, na gari lake lilikuwa ndio kwanza linapakiwa. Yale masaa mawili ya kungoja yalikuwa marefu kuliko mwaka. Nasimiyu alikuwa amekaa ameinama mbele, midomo imebadilika rangi, ananishika mkono. Nilikuwa na hofu, wacha niseme wazi. Unaweza kuwa umefanya kazi miaka yote hiyo na bado ukaogopa kama mwanafunzi.

Kukhu akanivuta kando. Akataka kujua kwa nini dawa iko kabatini na mtoto wake anaisha mbele ya macho yake. Safari hii sikumwambia usijali. Nilimweleza yote. Nikamwambia mwili ni kama mbwa wa boma: huyo mgeni aliingia mara ya kwanza mbwa hajamjua, akafanya kazi yake akatoka. Akirudi leo, mbwa anamngoja mlangoni na meno. Kukhu akafikiria. Akasema kwao walikuwa na mbwa wa namna hiyo. Kisha akasema, "Basi tungoje mgeni mwingine," akaketi.

Dawa ilifika karibu saa nane mchana. Nikaichanganya mwenyewe, nikiinamisha na kuviringisha, bila tone la povu. Likabaki swali la mwendo. Daktari Barasa alikuwa amezoea wagonjwa wa mshtuko wa moyo, na hao unawapa kwa kasi, kishindo cha kwanza, yaani nyingi kwa mpigo mmoja, halafu iliyobaki mbio mbio. Lakini donge lililo juu ya vali si sawa. Ukilivunja kwa kishindo, kipande kinaruka na damu moja kwa moja mpaka kwenye ubongo, na umeokoa moyo ukapoteza mtu. Yule wa Eldoret alisema kipimo kidogo, bila kishindo, kwa masaa sita, na ikibidi turudie. Daktari akaniangalia. Nikamwambia ugali wa haraka una madonge. Akacheka, tukaweka masaa sita.

Pampu ya dripu ilikuwepo, inahesabu yenyewe na inalia ikikasirika. Hata hivyo nilibandika plasta kwenye chupa nikaweka alama ya kila saa, dawa inapaswa kuwa imeshuka mpaka wapi. Wakati wetu tulihesabu matone kwa saa ya mkononi, na plasta ndiyo ilikuwa pampu. Nyinyi mnanicheka kwa hilo. Chekeni, lakini bandikeni.

Sasa kuna jambo moja hamtalisoma kwenye karatasi ya dawa. Mtu akiwa kwenye hii dripu, adui wako ni damu kuvuja kichwani au kipande kupanda huko, na dalili ya mapema huonekana kwenye ulimi. Kwa hivyo usimwache anyamaze. Kila baada ya dakika kadhaa mwangalie macho, mwambie akushike mikono, mwambie aongee. Wengine nimewaimbisha. Mwingine, mfanyabiashara wa Chwele, nilimwambia aninunulie ng'ombe kwa mdomo tu, tukabishana bei mpaka dripu ikaisha. Huyu alikuwa mwalimu, basi nikamwambia afundishe.

Akafundisha jedwali la saba. Mwanzoni ilikuwa "saba… mara moja…" na pumzi ndefu. Wodi ilikuwa na wagonjwa wengine watatu, na kwenye kitanda cha jirani alikuwa mzee mmoja mkulima wa tumbaku kutoka Malakisi, aliyelazwa kwa presha. Yule mzee akaanza kujibu. Alikuwa anakosea kwa ujasiri mkubwa. Saba mara nne alisema thelathini. Saba mara sita alisema inategemea. Nasimiyu, na mirija puani, akamwambia asimame kwenye kona. Mzee akasema hawezi, daktari amemkataza. Akapewa kazi ya nyumbani.

Nilikuwa nacheka kama wengine, lakini nilikuwa nahesabu. Saa ya kwanza alisema maneno mawili kwa pumzi moja. Ya pili, manne. Saa ya tatu akamgombeza mzee kwa sentensi nzima yenye nukta mwishoni, na midomo yake ilikuwa imerudi rangi. Nikamgusa Daktari Barasa nikamwonyesha kwa macho. Kukhu hakuelewa hesabu zangu lakini alielewa uso wangu, akaanza kuimba kwa sauti ya chini.

Jua lilikuwa limeanza kuingia kwa dirisha la upande wa magharibi. Plasta ilionyesha tumevuka nusu. Mzee ameingia jedwali kwa mara ya tatu. Nasimiyu akasema, "Saba mara tisa ni…" akanyamaza.

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Macho yake yalikuwa yamekazwa ukutani, mdomo umefunguka kidogo. Nikajua kipande kimepanda. Niliruka nikamshika mkono, nikamwita, "Mwalimu. Saba mara tisa? Mwalimu Nasimiyu, nijibu." Mkono wangu mwingine ulishafika kwenye kifungo cha kusimamisha dripu.

Akautoa mkono wake kwangu. Akainua kidole kimoja juu, kama anavyofanya mbele ya darasa la nne.

"Nyamazeni," akasema.

Tukanyamaza. Daktari akanyamaza, Kukhu akaacha kuimba, hata pampu nadhani ilimwogopa. Na katika ule utulivu tukaisikia, kwanza hafifu, inaruka ruka, halafu imara.

Ti. Ti. Ti.

Kukhu alitembea mpaka kitandani, akavua kitambaa cha kichwa, akaweka sikio lake kwenye kile kifua. Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa. Akasema sauti hii ndiyo alikuwa akiombea inyamaze, Mungu amsamehe, na akapiga kigelegele ambacho nina hakika walikisikia stendi. Hakuna aliyemkataza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika nguzo ya dripu nalia kama mtoto, kwa furaha, bila aibu yoyote.

"Sitini na tatu," akasema yule mzee wa Malakisi.

Ndiyo jibu pekee alilopata siku hiyo. Nasimiyu akampa alama.

Dripu ilipoisha picha ilipigwa tena, na vipande vyote viwili vilikuwa vinacheza. Tukafungua ile sufuria kwenye chumba cha wauguzi, tukapasha kuku moto, tukala kwa mikono. Kukhu akagawa mwenyewe. Firigisi, ile wazee wa kwetu huita imondo na ambayo kwa desturi mwanamke haruhusiwi kuila, akaiweka kwenye sahani yangu mbele ya Daktari Barasa, ambaye ni Mbukusu na aliitazama kwa huzuni. Kukhu akamwambia yeye bado kijana, atapata yake.

Siku zilizofuata nilifanya nilichopaswa kufanya mara ya kwanza. Niliketi na Kukhu. Tukagundua amekuwa akimpikia Nasimiyu mrenda, kunde na saga asubuhi na jioni, bakuli limejaa, ili apate damu ya kutosha kufundisha. Mapenzi matupu. Lakini mboga za majani zikiongezeka ghafla hivyo zinaishinda warfarini nguvu. Sikumkataza mboga. Nilimwambia kiasi kiwe kile kile kila siku, na kliniki ijue. Halafu nikamfunza mlio. Nikampa kazi: yeye ndiye mlinzi wa saa.

Basi, kuhusu swali lenu. Kama hajawahi kuipata, koo lake halijauma karibuni, na ndiyo iliyopo, streptokinase imeokoa watu wengi mikononi mwangu. Kama amewahi, usiiguse, tafuta alteplase. Yoyote utakayotumia, sikiliza daktari wa moyo, enda polepole, usitikise kichupa, usimdunge sindano ya kwenye msuli maana patavuja damu, na usimwache anyamaze. Andika kwa nyekundu. Na kabla ya haya yote, mfunze aliye nyumbani, si mgonjwa peke yake.

Simu yangu hulia kila Jumapili watu wakitoka ibada. Kukhu hana desturi ya kusalimia kwanza. Anaiweka simu kwenye kifua cha Nasimiyu, nami naacha nilichoshika, hata kama ni ng'ombe, nafunga mlango nasikiliza. Jumapili iliyopita ilikuwa wazi kabisa, ti, ti, ti, na nyuma yake watoto wanagombania kuku.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, Kukhu."

"Sawa," akasema. "Enda ule." Akakata.